Kukhu Alikuwa na Maabara, Sisi Tukaiosha na Sabuni

Wasee, leo sina stori za nani ameachana na nani. Leo nataka tuongee kuhusu chungu.

Kukhu wangu alikuwa anapika busaa. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa boda wa shilingi hamsini kutoka makutano ya Kanduyi, pale malori ya Malaba yanapita usiku kucha, na kama una pua nzuri ungejua tangu Alhamisi kwamba Jumamosi kutakuwa na wageni. Ile busaa ilisomesha baba yangu na ndugu zake. Ikanisomesha na mimi pia, hadi chuo, nikafanya sayansi ya viumbe mihula minne. Alafu kukhu akafariki, karo ikakatika, nikarudi nyumbani na simu, taa ya duara na ndoto ya kufanya kontenti. Wale huniuliza kila siku kama nilifeli: hapana, sikufeli. Pesa ndizo zilifeli.

Sasa, wiki moja baada ya mazishi, shangazi yangu mmoja, mtu msafi sana, alichukua kile chungu kikubwa cha kukhu akakisugua na sabuni ya unga na maji moto. Akakianika juani kikanukia maua. Kukhu kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukiosha na sabuni. Alikuwa anasuuza na maji baridi, basi, na mashapo ya chini anaacha kidogo. Alisema sabuni inaua busaa. Sisi wajukuu tulidhani ni uvivu.

Nilikiona kimeanikwa, nikanyamaza. Utamwambia nini shangazi yako aliyefiwa na mamake? Kwamba amefuta kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amekinakili? Sikusema. Nasema hapa.

Maoni yangu ni haya, na najua wengine mtacheka: kilichokuwa kimeshika ukuta wa kile chungu kilikuwa mali, na tunakitupa kwa sababu shule ilitufundisha kwamba jeni ni kitu cha watu wa mbali, na kwamba kitu cha ziada ni takataka. Yote mawili ni uongo.

Wacha nianze na busaa yenyewe, kwa sababu wengi mnaijua kwa harufu tu. Unga wa mahindi unachanganywa na maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Alafu unakaangwa juu ya bati hadi uwe kahawia, moshi unakutoa machozi, unaanikwa. Kando, mbegu za wimbi zinaloweshwa hadi zichipue, zinakaushwa, zinasagwa: hiyo ndiyo kimea. Vyote vinaenda chunguni na maji, unasubiri siku chache. Baadaye inachujwa, au wazee wanakaa kuzunguka chungu kila mtu na lusekhe yake, ule mrija mrefu. Agosti ya mwaka usiogawanyika kwa kuacha baki, yaani wa tohara, 2022, 2024, hakuna boma la Mbukusu utakosa hiyo harufu. Samahani, nimesema kinyume: mwaka unaogawanyika kwa mbili. Unaona kwa nini sikusoma hesabu.

Cheki kitu kimoja lakini. Kwa hiyo mapishi yote, kukhu hakuweka hamira ya paketi hata siku moja. Hamira ilitoka wapi? Kwa kimea, kwa mikono yake, kwa ukuta wa chungu. Mtafiti anaitwa Nout aliandika kuhusu busaa ya Kenya mwaka 1980, na ndani yake alipata Saccharomyces cerevisiae, ile ile aina inayofanya mkate uumuke na bia ya kiwandani itoe povu. Haikuletwa na meli. Ilikuwa imekaa hapa ikifanya kazi.

Hamira ni seli moja. Moja tu. Lakini mwaka 1996 wanasayansi walipomaliza kusoma DNA yake yote, ndio mara ya kwanza kiumbe chenye seli zenye kiini, kama zetu, kusomwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Walikuta herufi kama milioni 12, kromosomu 16, na jeni karibu 6,000. Jeni ni maagizo, protini ndiyo fundi anayetoka kwa hayo maagizo na kufanya kazi yenyewe. Na walipozipanga hizo jeni wakaona kitu ambacho Mbukusu yeyote angekielewa haraka: nyingi zimekuja kwa familia. Zinafanana sura, zinafanana jina, lakini kila moja na tabia zake.

Sisi tukipata mapacha tunajua majina: Mukhwana na Mulongo. Anayefuata ni Khisa. Ukisikia tu mtu anaitwa Khisa unajua alifuata nini duniani. Jeni za hamira pia zimepewa majina ya ukoo, herufi tatu na nambari. Ukisikia MAL, huyo ni wa ukoo wa kushughulikia maltosi. HXT ni wabebaji wa sukari. ADH ni wa pombe.

Tuanze na MAL kwa sababu hao ndio waliokuwa wanalipa karo yangu. Wimbi ikichipua inatoa vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, na sukari moja kubwa hapo ni maltosi. Hamira haiwezi kuila maltosi hivi hivi. Inahitaji protini moja ya kuiingiza ndani ya seli, nyingine ya kuikata iwe glukosi mbili, na ya tatu ya kupiga kengele kwamba maltosi imefika, wengine waamke. Hao watatu wanakaa pamoja kama kikundi, na kikundi chenyewe kimenakiliwa: kinajulikana katika sehemu tano tofauti, karibu na ncha za kromosomu, pale ambapo DNA hupenda kunakiliwa na kupotea kuliko kwingine. Hamira moja inaweza kuwa na kikundi kimoja, jirani yake ana vitatu. Hamira nyingi zilizofugwa na viwanda vya bia zimeongeza nakala za MAL, kwa sababu vizazi na vizazi vimeishi ndani ya maltosi. Hakuna aliyezipeleka darasani. Aliyebaki ndiye aliyekuwa na mafundi wa kutosha.

Sasa fikiria chungu kisichooshwa na sabuni kwa miaka arobaini, kimea kile kile, mama yule yule. Kukhu alikuwa anachagua jeni bila kujua neno jeni.

HXT nitapita haraka. Ni ukoo mkubwa, karibu wanachama 20, milango ya kupitisha glukosi. Mbona milango mingi hivyo? Kwa sababu sukari ikiwa tele unataka geti kubwa ambalo halichagui, na sukari ikiwa imebaki chembe unataka mlango mdogo wenye mkono mrefu unaoshika kila punje. HXT1 ni ya siku za sherehe. HXT6 na HXT7 ni za Januari. Kila mtu Kanduyi anaelewa Januari.

ADH ndio niliwapenda zaidi chuoni, hadi nikasahau kulala. Ndani ya hamira kuna ADH1, inatoa protini ambayo kazi yake ni kugeuza asetaldehidi kuwa pombe. Kando kuna ndugu yake ADH2, ambayo kazi yake ni kuirudisha pombe nyuma ili seli iile. Yaani mmoja anapika, mwingine anakunywa. Protini zenyewe zina asidi amino 348, na zinatofautiana mahali 24 tu. Hizo 24 ndizo zinaamua nani mpishi nani mlevi. Na ADH2 haiamki ovyo: glukosi ikiwepo imelala fofofo. Sukari ikiisha ndio inaamka.

Kwa nini hamira ifanye hivyo? Wanasayansi wengi wanaielezea hivi: inakula sukari kwa kasi, inaitoa kama pombe, pombe inasumbua bakteria na wadudu wengine waliokuwa wanagombania hiyo sukari, na wao wakishaondoka, hamira inarudi kula pombe yake. Ni kama kuweka pesa kwa akaunti ambayo wewe peke yako una namba ya siri.

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani wakiwa na Steven Benner walifanya kitu cha ajabu: walipiga hesabu kutoka kwa jeni za leo, wakatengeneza upya ile ADH ya babu kabla hawa ndugu hawajatengana. Ikafanya kazi. Na tabia yake ilifanana na ADH1, mpishi. Maana yake ni kwamba zamani kulikuwa na mpishi mmoja tu. Akanakiliwa kwa makosa. Nakala moja ikaendelea kupika, kwa hivyo nyumba haikulala njaa, na ile nyingine ikawa huru kubadilika hadi ikapata kazi yake.

Hapo ndipo ninataka mkae kidogo. Seli ikigawanyika huwa inanakili DNA, na mara moja moja inakosea, inanakili kipande mara mbili. Kuna hata tukio kubwa zaidi: kama miaka milioni 100 iliyopita, babu wa hii hamira aliishia na jeni zake zote mara mbili. Ken Wolfe na Denis Shields wa Dublin ndio walionyesha alama zake mwaka 1997. Nyingi kati ya hizo nakala zilipotea, lazima niseme ukweli, nakala nyingi hufa. Lakini jozi mia tano na kitu zipo hadi leo.

Mimi nikiwa kwenye hii kazi ya kontenti nimetukanwa sana na neno "kukopi". Ati flani amekopi flani. Na ni kweli kuna wasee wananakili neno kwa neno, hao hata mimi nawafungia. Lakini jeni inanifundisha swali lingine: je, ile ya kwanza bado inafanya kazi yake, na hii ya pili imeanza kubadilika wapi? Basi, hilo lilikuwa langu binafsi, tuendelee.

Nilikuwa nimeeleza haya yote pale steji ya boda, natafuta tu mtu wa kujaribia video kabla sijarekodi. Rafiki yangu mmoja wa boda, mtu wa miaka thelathini hivi, akanisikiliza hadi mwisho akasema, "Mwalimu, hiyo ni poa. Lakini mimi niko na mkopo wa pikipiki na mtoto mgonjwa. Jeni za pombe zitanisaidia nini?"

Wengine wakacheka. Mimi nikamuuliza mtoto ana nini.

Ana selimundu, ile wengi wetu tunaita sikoseli. Huku magharibi mwa Kenya si ugonjwa wa kusikia redioni, ni wa jirani. Alizaliwa sawa kabisa, akaanza kunona, alafu kwenye miezi sita vidole vya mikono na miguu vikavimba na mtoto akalia usiku mzima. Watu wakasema amerogwa. Kwani mtoto mzima wa miezi mitano anabadilika vipi ghafla hivyo?

Nikamwambia: kwa sababu ya familia ya jeni.

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya hemoglobini, na hemoglobini pia inatoka kwa ukoo, nakala zilizotengana zamani kabisa kama ADH za hamira. Kuna jeni inayofanya kazi mtoto akiwa tumboni, na kuna ndugu yake anayechukua zamu baada ya kuzaliwa. Ya tumboni inashika oksijeni kwa nguvu zaidi, ndio iinyakue kutoka kwa damu ya mama. Baada ya miezi kadhaa inalala, ile ya pili inashika usukani. Sikoseli iko kwa ile ya pili peke yake: asidi amino moja imebadilishwa, moja tu, na seli za damu zinapinda kama mundu. Ndio maana mtoto wa rafiki yangu alikuwa sawa miezi ya kwanza. Ndugu mzima ndiye alikuwa kazini.

"Kwa hivyo ile ya tumboni iliisha?"

Haikuisha. Imelala.

Akanyamaza. Mtoto wake hunywa haidroksiyurea kila siku, na hakuna mtu alikuwa amemwambia inafanya nini, alipewa tu maagizo ya vidonge. Moja ya kazi zake kubwa ni hiyo: inaamsha kiasi fulani cha hemoglobini ya tumboni, na hiyo inazuia nyingine kushikana na kupinda. Mwaka 2023, mwezi wa Novemba, Uingereza ikaidhinisha tiba inaitwa Casgevy, Marekani ikafuata Desemba. Wanatoa seli za mgonjwa, wanakata breki inayoilaza ile jeni ya tumboni, wanazirudisha. Huko Marekani bei yake imewekwa dola milioni 2.2, kwa hivyo wacha nisimdanganye mtu wa mkopo wa pikipiki kwamba inakuja Bungoma kesho. Lakini wazo lenyewe si la miujiza. Ni nakala ya ziada, iliyokuwa imelala, imeamshwa kumfanyia kazi ndugu yake aliyeumia. Na mambo mengi ambayo tunajua kuhusu namna jeni zinavyoamshwa na kulazwa yalifanyiwa kazi kwanza kwa hamira, kwa sababu ni rahisi kufuga na haina haja ya kusaini fomu.

Akauliza tena, "Kwa hivyo hiyo nzuri mtoto bado anayo?"

Anayo.

Akavaa helmeti akaenda kubeba mteja. Sijui kama nimemsaidia. Lakini najua sasa hivi akimpa mtoto kile kidonge haimpi kama uchawi wa kizungu, na yule jirani aliyesema mtoto amerogwa amepata jibu.

Hiyo ndiyo hasira yangu na vile tulifunzwa. Tulikariri kwamba badiliko kwenye jeni ni ugonjwa, nakala ya ziada ni kosa, mtihani ukaisha tukatupa vitabu. Hakuna siku mwalimu alisema: nendeni nyumbani muulize nyanya zenu kwa nini hawaoshi chungu. Na kwa upande wa chungu, mambo ni mabaya zaidi. Askari wakija wanamwaga, hata kama mama hana chang'aa, ana busaa tu. Wapishi wachanga sasa wananunua hamira ya paketi dukani kwa sababu inafanya haraka, na siwalaumu, haraka ni pesa. Lakini paketi za aina moja zote zina hamira ile ile. Chungu cha kukhu kilikuwa na yake, cha jirani kilikuwa na yake. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi kubwa ya kusoma DNA za hamira 1,011 kutoka pande zote za dunia, na kati ya makundi yaliyoonekana wazi kuna lililoitwa la bia za Kiafrika. Yaani hamira zetu ni ukoo wake, unajulikana kwa DNA. Zina nakala zake, zilizochaguliwa na kimea chetu na mikono ya mama zetu.

Kabla hamjanirukia: sisemi mlewe. Walio chini ya miaka 18, hamjasoma hapa ruhusa yoyote. Nimeona busaa ikisomesha watu na nimeona ikiwamaliza, wakati mwingine nyumba moja. Ini lako lina ADH zake, ndugu wa mbali wa zile za hamira, na kazi yake ni kuvunja kile ambacho hamira imejenga. Usizichoshe.

Ninachotaka ni kidogo sana. Vyuo viko, hata hapa Bungoma. Mtu mmoja mwenye chupa safi azunguke Chwele, Kimilili, Webuye, Kanduyi, aombe mashapo kwa wapishi ishirini wazee, aandike jina la mama kwenye chupa kama mama akikubali, achanganye na gliseroli aweke kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Hapo inaweza kulala miaka mingi na kuamka. Na siku ikipatikana faida, hao akina mama walipwe, isiwe ile stori ya mtu kuja na tabasamu na kuondoka na chupa.

Mimi sina friza hiyo. Nilienda kwa mama mmoja aliyekuwa rafiki ya kukhu, walikuwa wanakopeshana kimea, nikamwomba mashapo. Akanicheka, akanipa chupa ya soda ya nusu lita. Nikalegeza kifuniko isilipuke, nikabandika karatasi USINYWE, HII NI SAYANSI, nikaomba nafasi kwenye friji ya muuza maziwa hapo karibu na steji. Jana nimeenda kuiangalia. Imepungua robo.